Shajara ya saizi: kupanga vipimo vya picha za duka la mtandaoni

Mradi: picha 48 za pwani (Mji Mkongwe wa Zanzibar, Bagamoyo na Lamu) zitakazouzwa mtandaoni, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi au kwenye kanvasi. Shajara hii inafuata jambo moja tu, yaani saizi. Rangi, bei na njia za malipo vinaandikwa kwingine.

Wiki ya 1. Kujua kilichopo

Kazi ya kwanza ilikuwa kufungua kila faili na kuandika pikseli zake (nukta zinazoijenga picha), upande mrefu na upande mfupi. Ukigawa mrefu kwa mfupi unapata uwiano wa pande. Picha 31 zina uwiano wa 3:2, nyingi zikiwa na pikseli 6000 × 4000. Picha 12 ni za 4:3, za simu (4032 × 3024) na za droni. Tatu ni mraba, mbili ni panorama, yaani picha pana sana.

Uwiano wa 3:2 ni urithi wa filamu ya milimita 35, ambayo kila picha yake ilikuwa na milimita 24 × 36. Kamera ya Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925 ndiyo iliyouzoesha ulimwengu. Ile "nane kwa kumi" (inchi 8 × 10) ya studio zetu inatoka kwingine kabisa. Ni saizi ya filamu za vipande za kamera kubwa za kusimamisha kwenye miguu mitatu, ambapo filamu ililazwa juu ya karatasi na kuchapwa bila kukuzwa. Kamera hizo karibu hakuna anayezishika leo, lakini karatasi na fremu zake bado zimejaa madukani. Hapo ndipo ugomvi wote wa saizi unapoanzia: kamera zinasema 3:2, fremu zinasema 5:4.

Mafaili matano yameonekana kuwa madogo kupita kiasi. Yalikuwa yamepitia programu ya kutumiana ujumbe, na programu hizo hubana picha na kushusha pikseli. Tumeomba ya awali, yatumwe kama faili, si kama picha.

Wiki ya 2. Orodha ya saizi 17, na kwa nini imetupwa

Orodha ya kwanza ilinakiliwa kutoka kwa mchapaji: kuanzia posta kadi hadi mita moja, sentimita na inchi zikiwa zimechanganywa. Ilionekana ni ukarimu kwa mteja. Kumbe ni mtego, kwa sababu kila saizi yenye uwiano mwingine inadai ukataji mwingine wa picha ileile.

Hiki ndicho kinachopotea picha ya 3:2 inapolazimishwa kujaza karatasi nyingine (pasipotajwa inchi, vipimo ni sentimita):

- karatasi za A (A4, A3, A2): asilimia 5.7
- 50 × 70: asilimia 6.7
- 30 × 40: asilimia 11.1
- inchi 11 × 14: asilimia 15.2
- 40 × 50, inchi 8 × 10 na 16 × 20: asilimia 16.7
- mraba: asilimia 33.3

Asilimia 16.7 haishtui mtu mpaka uipime kwa rula. Picha ya 20 × 30 ikikatwa kuwa 5:4 inabaki 20 × 25. Sentimita tano zimeondoka. Kwenye picha namba 7, jahazi limejaa kutoka ukingo hadi ukingo: ukikata omo, jahazi halina liendako, ukikata tezi, nahodha na sukani yake wametoweka. Milango ya Mji Mkongwe inavumilia zaidi, maana juu na chini yake kuna ukuta mtupu. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya "kata kidogo tu, haidhuru". Inategemea kilichopo pembeni, na programu ya duka haijui kilichopo pembeni.

Jambo moja limependeza katika hesabu hizi. Karatasi za A zina uwiano wa 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ukizidisha 3:2 kwa 4:3 unapata 2 kamili, kwa hiyo karatasi za A zimekaa katikati kabisa ya kamera na simu. Picha ya simu ikichapwa A3 inapoteza asilimia 5.7 na ya kamera inapoteza asilimia 5.7 hiyohiyo, ya kamera kwenye ncha za upande mrefu, ya simu kwenye zile za upande mfupi. Anayetaka saizi moja tu kwa picha za kila aina achukue A3. Sisi hatutaki kupoteza hata hizo.

Uamuzi: saizi zinapangwa kwa familia za uwiano. Picha ya 3:2 inauzwa kwa saizi za 3:2 pekee, ya 4:3 kwa saizi za 4:3 pekee. Orodha ya 17 imefutwa.

Wiki ya 3. Pikseli zinafika wapi

Wachapaji wengi wanadai pikseli 300 kwa inchi bila kuuliza picha itatundikwa wapi. Jicho lenye afya hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa dakika moja ya nyuzi (moja ya sehemu 60 za nyuzi moja), na kutokana na hapo hesabu ni rahisi: gawa 3438 kwa umbali wa mtazamaji kwa sentimita, unapata pikseli kwa sentimita. Picha ya kushikwa mkononi, sentimita 30 kutoka machoni, inataka karibu 115. Ya ukutani inayotazamwa kwa sentimita 60 inataka 57. Kwa mita moja, 34 zinatosha.

Tumeweka kanuni mbili za haraka. Gawa pikseli za upande mrefu kwa 100: hiyo ndiyo saizi, kwa sentimita, ambayo picha itapendeza hata mtu akiisogelea sana (ni sawa na pikseli 254 kwa inchi). Gawa kwa 60: hicho ndicho kikomo cha ukutani. Faili la pikseli 6000 linafika sentimita 60 bila wasiwasi, na 90 bado limo ndani ya kikomo kwa pikseli 67 kwa sentimita. Faili la simu la pikseli 4032 linafika 40, na kikomo chake ni 67. Kanvasi inasamehe zaidi kwa sababu ya ufumaji wake.

Hesabu haitoshi, maana pikseli nyingi zenye ukungu ni ukungu mwingi tu. Kwa hiyo kila picha iliyopendekezwa kwa 60 × 90 inafanyiwa jaribio la posta kadi: kata kipande cha pikseli 1000 × 667 kutoka sehemu muhimu kuliko zote (jicho, jina la jahazi, nakshi za mlango), kipeleke studio yoyote, kichapwe 10 × 15. Hicho ni kipande halisi cha picha ya 60 × 90, kwa bei ya posta kadi. Kibandike ukutani, rudi nyuma hatua moja. Picha 9 kati ya 31 zimeanguka hapo, karibu zote kwa sababu ya mtikisiko wa kamera usioonekana kwenye skrini. Hizo zinaishia 40 × 60.

Wiki ya 4. Fremu

Wiki ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyobadilisha mradi.

Mteja aliye Dar es Salaam au Mombasa anaweza kumpelekea picha fundi fremu, akakatiwa mbao na kioo kwa kipimo chochote. Mteja aliye Ujerumani au Marekani kwa kawaida hununua fremu iliyokwisha tengenezwa, na fremu hizo zina saizi zake: huko Ulaya 30 × 40, 40 × 50, 50 × 70, Marekani inchi 8 × 10, 11 × 14, 16 × 20, 18 × 24. Karibu zote si 3:2. Ukimuuzia 40 × 60 tupu atahangaika kutafuta fremu, kisha atailaumu picha.

Njia ni kuacha ukingo mweupe badala ya kukata. Lakini ukiweka picha ya 3:2 kwenye karatasi ya 5:4 kiholela, kingo zinatoka hazilingani. Mfano, inchi 12 × 18 ndani ya 16 × 20 inaacha inchi 2 upande huu na 1 upande ule, na jicho linaona mara moja kwamba kitu kimekaa vibaya. Tulitafuta saizi ya picha inayoacha ukingo sawa pande zote nne. Kwa picha ya 3:2, ukingo ni moja na nusu ya upande mfupi wa fremu, toa upande mrefu wa fremu. Basi.

Fremu ya 30 × 40: 45 toa 40, ukingo 5, picha 20 × 30. Fremu ya 50 × 70: 75 toa 70, ukingo 5, picha 40 × 60. Fremu ya 40 × 50: ukingo 10, picha 20 × 30 tena, safari hii ikiwa na nafasi kubwa ya kupumua. Kwa inchi mambo yanakubali vilevile: 8 × 10 inachukua 4 × 6 kwa ukingo wa 2, 11 × 14 inachukua 6 × 9 kwa ukingo wa 2.5, 16 × 20 inachukua 8 × 12 kwa ukingo wa 4, 18 × 24 inachukua 12 × 18 kwa ukingo wa 3. Namba zote zinatoka safi, bila desimali za kuudhi.

Kwa picha ya 4:3 kanuni ni mara mbili ya upande mfupi, toa mara moja na nusu ya upande mrefu. Fremu ya 40 × 50 inatoa ukingo wa 5 na picha ya 30 × 40. Inchi 16 × 20 inatoa ukingo wa 2 na picha ya 12 × 16. Ukijaribu 50 × 70 unapata hasi 5, maana yake fremu ni ndefu kupita uwiano wa picha na ukingo sawa hauwezekani. Jibu hasi ni onyo zuri: usiuze mchanganyiko huo.

Saizi zilizobaki baada ya wiki hii, kwa 3:2: 20 × 30, 30 × 45, 40 × 60, 60 × 90. Kwa 4:3: 30 × 40 na 45 × 60. Kila moja ina fremu inayojulikana ya kwenda nayo. 30 × 45 ni ya wateja wa inchi, kwa kuwa ni karibu sawa na 12 × 18.

"Karibu sawa" imetugharimu karatasi, kwa hiyo iandikwe. Inchi 16 × 20 ni sentimita 40.6 × 50.8, haiingii kwenye fremu ya 40 × 50, inabonyea katikati. A4 ni 21 × 29.7, kwa fremu ya 20 × 30 inazidi sentimita nzima upande mmoja na kupungua milimita 3 upande mwingine. Mchapaji na mteja lazima wazungumze kipimo kimoja, na kipimo hicho kiandikwe kwenye oda kwa milimita.

Mambo mawili ya kioo. Mdomo wa fremu hufunika karibu milimita 5 kila upande, kwa hiyo sahihi iwekwe angalau sentimita 1.5 kutoka ukingoni. La pili ni la hali yetu ya hewa: kwenye unyevu wa pwani, picha inayogusana na kioo huja kunata, na kuibandua ni kuichana. Panatakiwa kadi nene yenye dirisha kati ya picha na kioo, unene wa milimita 1.5 au 2, na dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita 3 kila upande: kwa 20 × 30 likatwe 19.4 × 29.4. Kwa hiyo ukingo wa sentimita 5 unaweza kuwa wa kadi, si wa karatasi. Tunawaachia wateja wachague.

Wiki ya 5. Roli

Mchapaji anatumia roli la karatasi lenye upana wa inchi 24, yaani sentimita 61. Bahati imeangukia kwetu: 60 × 90 inakaa kwa upana wa 60, 40 × 60 inalala kwa ubavu na kula sentimita 40 tu za roli, mbili za 30 × 45 zinakaa sambamba, tatu za 20 × 30 vilevile. Kinachobaki ni nusu sentimita kila pembeni, ambayo mashine inaihitaji.

Hasara iko kwenye 50 × 70 yenye ukingo mweupe, ambayo inaacha utepe wa sentimita 11. Utepe huo sasa ndio unaotoa posta kadi za majaribio.

Kwa 60 × 90 hatukati kingo za roli. Karatasi inabaki 61 kwa 91.4, ambayo ni inchi 24 × 36, fremu ya mabango inayopatikana kwa urahisi. Mdomo wa fremu unaficha sehemu kubwa ya weupe uliobaki.

Wiki ya 6. Kanvasi

Hapa wengi huumia bila kujua. Kanvasi ya 40 × 60 iliyovutwa kwenye mbao za unene wa sentimita 4 si 40 × 60 kwa mchapaji. Ni 48 × 68, kwa kuwa kitambaa kinazunguka mbavuni, na bado inatakiwa sentimita 2 zaidi kila upande za kupigilia pini nyuma. Tazama sasa: 48 × 68 ni uwiano wa 1.417, si 1.5 tena. Ili picha ya 3:2 ijaze eneo hilo ni lazima ikuzwe hadi 48 × 72, ikatwe sentimita 4, kisha sentimita 4 za kila upande zigeukie mbavuni. Anayesimama mbele anaona asilimia 69 tu ya picha. Jahazi namba 7 limepoteza omo na tezi kwa mpigo.

Njia mbadala ni mbili. Moja ni kuakisi ukingo kama kioo, ili mbele ibaki nzima. Inafaa kwa anga, maji na mchanga, ila mlingoti ulio karibu na ukingo unakuwa milingoti miwili. Nyingine ni mbavu za rangi moja. Tumechagua rangi moja kwa picha zote, nyeupe ya chokaa. Haina mbwembwe, na haiharibu chochote.

Wiki ya 7. Ukurasa wa bidhaa, na bomba

Kila picha ina faili kuu moja la uwiano wake, si faili kwa kila saizi. Jina la faili linabeba uwiano na pikseli: jahazi07_3x2_6000. Kwenye mipangilio ya kuchapa kuna chaguo la kujaza karatasi na chaguo la kuenea ndani ya karatasi. La kwanza mara nyingi ndilo huja limewashwa, na ndilo linalokata. Tumelizima kila mahali, kisha tukaagiza chapa moja ya kila saizi ili kuhakikisha.

Vipimo vinaandikwa upana kwanza, kimo baadaye. Mlango wa wima ni 20 × 30. Jahazi la mlalo ni 30 × 20. Bila hivyo mteja anaagiza fremu ya kuning'inia vibaya. Mistari miwili kwa kila saizi: "picha yenyewe" na "karatasi au fremu". Sentimita na inchi zote mbili. Picha ndogo za orodha ya duka zilikuwa zinakatwa mraba na mfumo. Zimerekebishwa zionekane nzima, vinginevyo mteja anapenda picha asiyouziwa.

Usafirishaji umeamua jambo moja zaidi. Kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, kifurushi bapa cha huduma ya barua hakizidi sentimita 90 ukijumlisha urefu, upana na kina, na hakuna upande unaozidi 60. Uzito mwisho kilo 2. Karatasi ya 30 × 40 ikifungwa kwa kadibodi ni kama 32 + 42 + 1, inapita. Ile ya 40 × 50 inakuwa 95, haipiti. Kuanzia hapo kwenda juu ni bomba la kadibodi, picha ikiwa imeviringishwa ndani. Kwa bomba kikomo ni urefu pamoja na kipenyo mara mbili, jumla isizidi 104, na urefu usizidi 90. Picha ya 60 × 90 inaviringishwa ili bomba lifuate upande mfupi: bomba la sentimita 66 lenye kipenyo cha 8 ni 82 tu. Kipenyo kikiwa chini ya hapo, karatasi nzito inakumbuka mkunjo na inakataa kulala.

Wiki ya 8. Yaliyobaki

Toleo lenye idadi maalum: sheria ya kodi ya ongezeko la thamani ya Umoja wa Ulaya huihesabu picha kuwa kazi ya sanaa ikiwa imechapwa na msanii au chini ya usimamizi wake, imesainiwa, ina namba, na nakala hazizidi 30, saizi zote zikijumlishwa. Kwa hiyo hatuwezi kuahidi 30 za 20 × 30 na nyingine 30 za 40 × 60. Mgawanyo wa muda kwa picha sita za toleo hilo: 15 ndogo, 10 za 40 × 60, 5 za 60 × 90. Saizi ikishatangazwa haiongezwi.

Panorama mbili bado. Ya 2:1 imekubali 30 × 60 ndani ya fremu ya 60 × 90, ukingo wa 15, na inapendeza kuliko ilivyotarajiwa. Ya 3:1 haina fremu ya dukani inayoitaka. Itauzwa kwa bomba tu, ikiwa na maelezo ya kumpa fundi: kioo 40 × 100, picha 30 × 90, ukingo 5. Faili lake lina kimo cha pikseli 2000, sawa na 67 kwa sentimita. Kipande cha posta kadi kimeenda studio leo.